Tuzipige picha nyumba za tembe zikiwa bado zina watu ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme jambo kuhusu tembe, nyumba zetu za asili za udongo zenye paa la bapa, ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi Juni mwaka jana, nami nalielekeza hasa kwa wakazi wenzangu wa Dodoma Mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Mimi ni mpiga picha wa studio. Kazi hii niliianza mwaka 1999 nikiwa kijana wa kuosha filamu katika chumba cha giza, na mpaka leo ndiyo inayonilisha mimi na wanangu: picha za pasipoti asubuhi, harusi na kipaimara mwisho wa wiki, mahafali ya vyuo msimu wake unapofika. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi katika mji wa Swindon, Uingereza, na mwaka jana alinialika nimtembelee kwa wiki tatu. Aliponiuliza ningependa anipeleke wapi siku yake ya mapumziko, sikutaja uwanja wa mpira wala kasri la mfalme. Nilimwomba tuende katika kijiji cha Lacock, kwa sababu jina hilo nililisikia zamani kwa fundi aliyenifundisha kazi, ambaye alikuwa akituambia kwamba negetivu zote tunazoosha, yaani zile filamu zenye picha iliyogeuzwa nuru na giza, zina babu yao huko.

Lacock iko katika jimbo la Wiltshire, kusini kidogo ya mji wa Chippenham. Tulipanda treni, kisha basi, na saa tatu asubuhi tulikuwa tumekwisha kushuka. Kijiji chenyewe ni kidogo mno, barabara nne tu zilizopangwa karibu na umbo la mraba, na mtu asiye na kamera anaweza kuzimaliza zote kwa robo saa. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, nyingine za mawe, nyingine za matofali, nyingine za mbao nene zilizoachwa wazi ukutani, na mapaa yake ya vigae vya mawe yamebonyea katikati kwa uzee. Mwanzoni sikuelewa kwa nini picha zangu zilikuwa zinatoka safi kupita kawaida, mpaka nilipotambua kwamba hakukuwa na nguzo ya umeme, wala waya uliokatisha barabarani, wala antena juu ya paa. Umeme upo na televisheni zipo, ila nyaya zimefichwa. Mpiga picha wa mjini kwetu, ambaye kila siku huinama na kuhamahama ili kukwepa waya zinazokata anga juu ya kichwa cha bibi harusi, ataelewa nilivyojisikia.

Nuru ya kule nayo ina tabia yake. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, nalo huzama polepole, kwa mshazari, likipaka kuta rangi ya asali kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Kwetu Dodoma nuru ya namna hiyo tunaipata kwa dakika chache mara baada ya mapambazuko na chache tena kabla ya giza, na ukichelewa umeikosa mpaka kesho. Adhuhuri yalitanda mawingu mepesi, kila kivuli kikalegea, nikapiga picha bila kupumzika: milango iliyo mifupi kuliko mimi, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo, ghala la karne ya 14 ambamo wakulima waliopanga mashamba ya watawa walikuwa wakileta nafaka, ngozi na sufu kuwa kodi yao. Jioni nilipohesabu, picha zilikuwa 412.

Nitaeleza moja tu kati ya hizo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na nyumba ya mbao, lenzi ikiwa umbali wa kiganja kutoka ukutani, nikitafuta namna ya kuonyesha mahali ambapo ubao wa mwaloni unakutana na sehemu iliyopakwa chokaa. Nyumba za aina ile, mafundi wa zamani walisimamisha kwanza mifupa ya mbao, kisha nafasi zilizobaki wakazisuka fito na kuzikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe. Nilikuwa nikimweleza mdogo wangu hayo, kama nilivyoyasoma kabla ya safari, naye akanikatiza. "Kaka," akasema, "si ndivyo tulivyokuwa tukikandika kwa bibi?" Niliteremsha kamera. Alikuwa amesema kweli tupu. Fito zilezile, udongo uleule, samadi ileile, na kazi ileile ya kukandika. Mimi nilikuwa nimesafiri kwa ndege usiku kucha kwenda kuupiga picha ukuta ambao nilikuwa nimeukandika kwa mikono yangu mwenyewe nikiwa na umri wa miaka tisa, kule Mvumi, na ambao sikuwahi hata siku moja kuuelekezea kamera.

Mchana tuliingia katika jumba kubwa la kijiji. Lilianza kuwa nyumba ya watawa wa kike mwaka 1232, likaja kuwa makazi ya watu binafsi baada ya Mfalme Henry VIII kuzifunga nyumba za watawa katika karne ya 16, na katika karne ya 19 mmiliki wake alikuwa William Henry Fox Talbot. Bwana huyo alijitengenezea visanduku vidogo vya mbao vyenye lenzi, akawa anaviacha huku na huku nyumbani kwake, hata mkewe Constance akaviita mitego ya panya. Ndani yake aliweka karatasi iliyopakwa chumvi na kemikali ya madini ya fedha. Mwezi Agosti 1835 alikielekeza kimoja kwenye dirisha la ukumbi wa upande wa kusini, na karatasi aliyoitoa, yenye ukubwa unaokaribia stempu ya posta, ndiyo negetivu kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Aliandika pembeni kwamba ilipokuwa mpya, vipande vya kioo vya dirisha lile, vipatavyo 200, viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lenzi. Kutokana na kazi yake ndipo ulipopatikana utaratibu wa kutoa picha nyingi kutoka negetivu moja, utaratibu ambao mimi niliukuta bado ukitumika katika chumba cha giza mtaa wa pili kutoka soko la Majengo.

Nilisimama mbele ya dirisha lile kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Ni dirisha la kawaida, na bwana yule hakulifuata mbali. Lilikuwa la nyumbani kwake, analipita kila siku anapokwenda kunywa chai. Kazi yangu yote ilianzia hapo, kwa mtu aliyetazama alichokuwa nacho.

Bibi yetu alifariki mwaka 2003. Nyumba yake ya tembe ilisimama misimu mitatu zaidi bila kukandikwa, mchwa wakala nguzo, na mvua za msimu wa nne zikaiangusha upande wa mlangoni. Wakati huo nilikuwa na kamera yangu mwenyewe na pikipiki, na kutoka studio hadi Mvumi si safari ya kumshinda mtu. Sikwenda, kwa sababu nilidhani nyumba ya udongo si kitu cha kupigwa picha. Picha nilizozijua mimi zilikuwa za watu waliovaa vizuri mbele ya pazia la maua. Leo katika familia nzima tuna picha moja tu, ya harusi ya mama yetu mdogo, ambayo nyuma ya bega la bwana harusi inaonekana kona ya ukuta na ncha ya nguzo moja iliyotokeza kwenye paa. Nimeikuza mpaka imepasuka chembechembe. Kona ile haiongezeki.

Na bado naamini kwamba picha ya tembe ya bibi ipo mahali. Nilipokuwa mtoto walifika wageni wawili wa kizungu, wakamkuta anatwanga uwanjani, wakaanza kumpiga picha bila hata kumsalimia. Alijifunika uso kwa kanga na kugeukia ukutani mpaka walipoondoka. Kule Lacock, nilipoielekeza lenzi kwenye dirisha moja lililo sawasawa na barabara, mama mmoja alifungua mlango, nikashusha kamera na kumwamkia. Aliniambia kwa upole kwamba ukuta na maua yake niupige nipendavyo, ila dirisha lile niliache, kwa kuwa ni la chumba cha mwanawe. Nikaliacha. Namtaja kwa sababu nataka wenzangu wa kamera wajue kwamba hata katika kijiji kinachopigwa picha kila siku ya mwaka, nyumba ni ya mwenyewe, na hodi hupigwa kwanza.

Kwa wasomaji vijana waliozaliwa mjini, tembe ni nyumba ya asili ya Wagogo, ya chini, ya umbo la mstatili, yenye paa la bapa la udongo mzito uliolazwa juu ya nguzo, miti na matawi. Vyumba hupangwa kuzunguka uwanja, na uwanja huo ndio zizi, hivyo ng'ombe hulala katikati ya familia, salama dhidi ya fisi na wezi. Juu ya paa mama zetu walianika mlenda, ubuyu na karanga. Ndani kulikuwa na vihenge vya uwele na mtama, na ukiingia saa saba mchana, wakati jua la nje linachoma hata mawe, ulipokewa na ubaridi unaofanana na wa mtungini. Nyumba ile haikuwa ya watu wasiojua kujenga. Katika nchi inayopata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, tena kwa miezi michache, yenye upepo mkali na uhaba wa nyasi za kuezekea, paa la bapa la udongo lilikuwa jibu la watu waliokuwa wameitazama ardhi yao kwa makini kwa vizazi vingi.

Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilizihamishia kaya nyingi katika vijiji vipya, na tangu hapo nyumba ya tofali na bati imekuwa ndiyo nyumba bora. Siilaumu bati. Tembe isiyohudumiwa huvuja, hubomoka, na kuifuga mifugo mlangoni kuna matatizo yake ya afya. Tena bati hukinga maji ya mvua, na mwanamke wa Ugogo anajua thamani ya ndoo moja ya maji. Mtu yeyote atakayesoma barua hii akadhani namwomba mkulima alale chini ya paa linalodondosha udongo ili mimi nipate picha nzuri, atakuwa hakunielewa. Ninachosema ni kwamba muda wa kuziona tembe zenyewe umebaki mfupi sana. Mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 2 na kidogo katika sensa ya mwaka 2012, na katika sensa ya 2022 wakawa wamepita milioni 3. Mji wa Serikali umesimama Mtumba, barabara ya mzunguko wa nje inapita mahali ambapo juzi palikuwa na mashamba ya mtama, treni ya umeme imetufikia mwaka 2024, na viwanja vinapimwa Nala, Ihumwa na Iyumbu kila uchao. Haya ni maendeleo tuliyoyangoja tangu mwaka 1973 ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa, na mimi binafsi yameniongezea wateja. Lakini trekta la kusawazisha kiwanja haliulizi ukuta ulijengwa na nani.

Wapo watakaosema kwamba Waingereza wana fedha za kutunza mapambo na sisi tuna njaa za kushughulikia. Nawajibu kwamba Lacock haikubaki jinsi ilivyo kwa sababu ya utajiri wa wanakijiji wake. Ilibaki kwa kuwa karibu nyumba zote zilikuwa mali ya familia moja ambayo haikuzivunja, na mwaka 1944, katikati ya vita kuu, Matilda Talbot, mjukuu wa yule bwana wa visanduku, alilitoa jumba pamoja na kijiji kwa National Trust, shirika la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1895. Nyumba zinapangishwa, watu wanaishi humo, watoto wanakwenda shule, nguo zinaanikwa nyuma ya nyumba. Hilo ndilo lililonigusa. Tunacho Kijiji cha Makumbusho kule Dar es Salaam, chenye nyumba za asili za makabila ya nchi hii, nami nakiheshimu. Hata hivyo nyumba isiyopikwa ugali ndani yake hukosa moshi kwenye dari, na moshi ule ndio ulioifanya tembe ya bibi iwe na harufu ambayo ningeitambua hata leo nikiwa nimefumba macho.

Hapahapa kwetu tuna mfano wa kazi nzuri. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ilifanyiwa kazi mwaka 1951 na Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, ambaye alikaa kwenye mapango ya Kolo na maeneo ya jirani akiinakili kwa mkono, mnyama kwa mnyama na mtu kwa mtu. Mwamba ulipata mtu wa kukaa mbele yake na kuunakili. Ukuta wa udongo, ambao maisha yake ni mafupi kuliko ya mwamba, haujampata.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kwa wapiga picha wenzangu wa Dodoma, ambao sasa tuko wengi na tuna vifaa ambavyo fundi wangu hakuviota, naomba kila mmoja atoe Jumamosi moja katika mwezi ambao harusi ni chache, aende kijiji anachokifahamu, apige hodi, aamkie kwa Kigogo "mbukwenyi", aeleze shida yake, na akikubaliwa aipige picha tembe nzima: mbele, nyuma, paa, mlango, maungo ya nguzo, kisha mwenye nyumba akiwa ameketi mahali anapopenda mwenyewe. Twende asubuhi, jua likiwa chini, kwa sababu mchana ukuta wa udongo hukosa vivuli na kuonekana kama turubai. Tuandike jina la kijiji, mwaka wa kujengwa kama unakumbukwa, jina la fundi, na miti iliyotumika kwa majina yake ya Kigogo, maana majina hayo nayo yanaondoka na wazee. Tena picha iliyosafishwa kwenye karatasi irudishwe kwa mwenye nyumba. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa bibi yangu hakurudishiwa.

Kwa vyuo vyetu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, naomba wanafunzi wapewe futi kamba wakapime nyumba hizo na kuzichora, kwani picha haielezi unene wa paa. Kwa halmashauri, naomba kabla ya kupima viwanja katika kijiji chochote, afisa mtendaji aulizwe kama kuna tembe yenye watu ndani, na ikiwa mwenyewe anataka kubaki nayo, asaidiwe nguzo na nguvukazi ya kukandika kabla ya mvua za Desemba. Hata tembe tano au sita katika wilaya, zenye wenyewe, zinazohudumiwa, zingetosha kumfanya mtoto wa Ihumwa aingie moja na kuusikia ubaridi ule.

Mimi nimeanza. Wiki iliyopita nilikwenda Mvumi na kumkuta mjomba amefunga banda la kuku kwa ubao mpana, mweusi kwa moshi, wenye tundu upande mmoja ambamo kamba ya kufungia ilikuwa ikipita. Nilipoushika niliutambua: ni mlango wa tembe ya bibi. Niliuegemeza kwenye mbuyu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaupiga picha pande zote mbili, nikaihesabu mistari ya tezo mmoja mmoja, halafu nikaurudisha bandani, maana kuku walikuwa wameanza kutoka. Picha hiyo nimeibandika mbele ya studio, juu kidogo ya bei za pasipoti. Yeyote mwenye tembe kwao ambayo bado inakaliwa, na ambaye wazee wake wako radhi, namkaribisha aje anieleze ni kijiji gani, nami nitakwenda kwa gharama yangu.

Wako,

Mpiga picha wa studio,
Majengo, Dodoma.